Kamati ya Harusi Inavyozishinda Asasi Mtandaoni

Saa tatu usiku simu zinaanza kulia mfululizo. Mweka hazina wa kamati ya harusi ametupia orodha mpya kwenye kundi la WhatsApp: namba 1 hadi 87, kila jina na ahadi yake, kila ahadi na kiasi kilichokwisha kulipwa. Waliomaliza wana tiki ya kijani. Waliopunguza wameandikiwa baki. Wenye sifuri nao wamo, wamekaa kimya mbele ya macho ya mashangazi, mabosi na wanakwaya wenzao. Haipiti robo saa mtu wa namba 34 anaandika, "Mweka hazina, cheki muamala wangu," na orodha inapandishwa upya ikiwa na tiki moja zaidi.

Usiku huohuo, kwenye ukurasa wa Facebook wa asasi inayohudumia watoto wenye ulemavu, kumewekwa bango lililosanifiwa vizuri. Lina nembo, lina picha, lina maneno "Changia Sasa, Okoa Maisha", na chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, namba ya akaunti ya benki na jina la tawi. Watu 14 wamelipenda. Nusu yao ni wafanyakazi wa asasi yenyewe.

Wachangiaji ni walewale. Mtu wa namba 34 huenda anafuata ukurasa ule, na akiulizwa atasema mtoto asiyeweza kutembea ana haki kuliko ukumbi wa kupambwa kwa usiku mmoja. Lakini harusi ilimwendea kwa jina lake, kupitia mtu anayemfahamu, ikamtajia kiasi na tarehe, ikampa namba ya kulipia kwenye simu aliyoishika mkononi, na ikamwonyesha wenzake wametoa nini. Asasi ilimwambia atoe, basi. Kinachoshangaza ni kwamba wengi wanaoendesha kurasa za asasi wamo kwenye kamati za harusi, na wengine ndio waweka hazina wenyewe. Wakifika ofisini wanaisahau elimu hiyo mlangoni.

Elimu hiyo imewahi kutumika kwa nchi nzima. Katikati ya 2011 ukame ulikuwa umeikaba Pembe ya Afrika. Tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia, na picha zilizokuwa zikitoka Turkana ziliwachoma Wakenya mioyo. Kabla ya mwezi kwisha, Safaricom Foundation, KCB Foundation, wamiliki wa vyombo vya habari na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya walikuwa wameanzisha kampeni waliyoiita Kenyans for Kenya. Lengo lilitajwa bila kumung'unya: shilingi milioni 500 ndani ya wiki nne. Njia ilikuwa M-Pesa, na aliyekuwa na shilingi 10 hakuambiwa ni kidogo. Twitter na Facebook zilibeba jina la kampeni, redio na televisheni zikawa zinataja kiasi kilipofikia, na watu wakaanza kuulizana kama wanavyoulizana kwenye kikao cha harusi: wewe umeshatoa?

Lengo lilipitwa.

Ukiichunguza kampeni ile utaona viungo vyote vya kundi la WhatsApp, vimekuzwa tu. Palikuwa na mweka hazina anayeaminika, yaani Msalaba Mwekundu, ambaye watu walikuwa wamemwona kazini. Palikuwa na msoma orodha, ambaye ni vyombo vya habari. Palikuwa na kikomo cha siku. Na palikuwa na neno ambalo Wakenya wamekuwa nalo tangu Jomo Kenyatta alipolifanya wito wa taifa mwaka 1963: harambee. Mitandao ya kijamii haikuleta tabia mpya pale. Iliikuta tabia ipo, ikaipa kasi.

Kasi hiyo ina mahitaji yake, na la kwanza ni njia ya pesa. Moyo ukiguswa haukai umeguswa muda mrefu. Mtu anasoma habari akiwa ndani ya daladala, anasikitika, anataka kutoa elfu tano. Akikutana na namba ya akaunti ya benki atajiambia atafanya jioni, na jioni ina mambo yake. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kwa hiyo hakuna sababu ya asasi yoyote ya ukanda huu kumsumbua mchangiaji kwa safari ya benki. Paybill kwa Kenya, Lipa Namba kwa Tanzania, zote zinasajiliwa kwa jina la taasisi. Hilo la jina lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kabla mchangiaji hajathibitisha muamala, simu humwonyesha jina la anayepokea. Akiona jina la shirika aliloambiwa, anaendelea. Akiona jina la mtu binafsi asiyemjua, anaghairi, na ana haki ya kughairi. Matapeli wamekwisha kutumia picha za wagonjwa wa watu kiasi cha kutosha.

Kwa ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis njia lazima iwe nyingine, kwa sababu si kila mmoja ana laini ya nyumbani. Pengo hilo ni mojawapo ya mambo ambayo M-Changa, jukwaa la kuchangishia lililoanzishwa Kenya mwaka 2012, lilikuja kuyashughulikia: mtu anafungua changizo, wengine wanatuma kwa simu au kwa kadi ya benki, na jumla inaonekana kwa kila mtu. Ni ile orodha ya mweka hazina, ila inajiandika yenyewe.

Njia ikishakuwepo, ombi linahitaji sura. Mwaka huohuo wa 2012 Wakenya walimfahamu Zack Kimotho. Chama cha watu waliopooza kwa majeraha ya uti wa mgongo, Kenya Paraplegic Organization, kilitaka shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha kuwarekebisha waathirika kama yeye, kwani huduma ya namna hiyo ilikuwa ikitafutwa mbali, hadi Afrika Kusini. Chama kingeweza kutoa ripoti kuhusu uhaba wa vitanda. Badala yake Kimotho alitoka Nairobi akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akashika barabara ya kusini, na kutangaza kwamba anakwenda Afrika Kusini kwa kiti hichohicho, na kwamba Wakenya wanaweza kumrudisha nyumbani kwa kuchangia. Kampeni ikaitwa Bring Zack Back Home. Kila siku alikuwa amefika mahali fulani, amechoka namna fulani. Mtu aliyefungua Twitter asubuhi hakukutana na tatizo la afya ya jamii. Alikutana na mwanamume mmoja kando ya lami, na kila aliyechangia alijua anamfupishia safari. Hakufika Afrika Kusini.

Marekani nayo ina kisa chake kinachofundisha jambo jingine la kikao, yaani kutajwa. Katika kiangazi cha 2014 watu walianza kujimwagia ndoo za maji ya barafu mbele ya kamera kwa ajili ya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli hadi mgonjwa anashindwa kusogea, kumeza na mwishowe kupumua. Wengi wanakumbuka kichekesho cha maji. Kilichofanya kazi kilikuwa kanuni iliyofuata: ukishamwagikiwa unataja majina ya wenzako, nao wana saa 24 za kujimwagia au kutoa mchango, na wengi walifanya vyote viwili. Yeyote aliyewahi kusimamishwa kwenye kikao na mwenyekiti akisema "sasa tumsikie mjomba" anaijua presha hiyo. Chama cha ALS cha Marekani kilipata dola milioni 115 katika muda wa wiki nane hivi, na mwaka 2016 watafiti waliofadhiliwa kwa sehemu na fedha hizo walitangaza kugundua jeni iitwayo NEK1 inayohusiana na ugonjwa huo. Kugundua jeni si kupata tiba, lakini waliolowa walipata cha kuonyeshwa.

Ila kasi si rafiki wa kila mtu, na Waganda wana ushahidi. Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa filamu ya nusu saa kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Ndani ya wiki ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Vijana wa vyuo vya Marekani walinunua vifurushi vya dola 30 vyenye mabango na bangili. Filamu ilikuwa na sura moja, adui mmoja, kikomo cha muda, kila kitu ambacho washauri wa mawasiliano hupendekeza. Tatizo ni kwamba Kony na watu wake walikuwa wameshaondoka kaskazini mwa Uganda miaka kadhaa nyuma, na walioteswa naye walikuwa kwenye hatua nyingine kabisa ya maisha: kutafuta matibabu, mashamba na shule. Asasi moja ya vijana ilipowaonyesha filamu hiyo watu wa Lira, kaskazini mwa Uganda, maelfu walikusanyika uwanjani wakidhani watajiona. Walimwona mtengeneza filamu na mwanawe mdogo. Hasira ilipanda, vitu vikarushwa, maonyesho yakasitishwa. Zaidi ya yote walichukizwa na fulana zenye jina la Kony, kana kwamba ni msanii wa muziki. Aprili 20, siku ambayo watazamaji walitakiwa kujitokeza mitaani duniani kote kubandika mabango, waliojitokeza walikuwa wachache. Mwisho wa 2014 shirika lilitangaza kupunguza sehemu kubwa ya shughuli zake.

Kwa hiyo mtihani mmoja unazifaa posti zote za asasi, kubwa na ndogo: je, anayezungumziwa akionyeshwa hii, atajitambua? Mtihani huo haugharimu chochote, lakini ni nadra kufanywa, pengine kwa sababu anayezungumziwa hana bando.

Picha za watoto ndizo zinazoufeli mara nyingi. Februari 2019 mtangazaji wa Uingereza Stacey Dooley, aliyekwenda Uganda kwa ajili ya shirika la Comic Relief, aliweka Instagram picha akiwa amempakata mtoto wa Kiganda. Mbunge David Lammy akauliza hadharani kama dunia inahitaji tena picha za wazungu waokozi. Wako waliomwona mbunge mkorofi. Hata hivyo, Oktoba 2020 Comic Relief ilitangaza kwamba haitatuma tena watu mashuhuri Afrika kwa ajili ya filamu zake za kuchangisha. Asasi za hapa nyumbani hupenda kujiona ziko nje ya ugomvi huo, kana kwamba mtoto akipigwa picha na mtu wa nchi yake haumii. Mtoto wa darasa la tatu aliyewekwa mtandaoni kwa maelezo "aliokotwa jalalani" atafika sekondari siku moja, na wanafunzi wenzake wana simu. Sheria nazo zimebadilika: Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, Tanzania imetunga yake 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Ridhaa ya mzazi, kwa lugha anayoielewa, si adabu tu tena.

Yote haya yanahusu kuomba. Sehemu iliyo ngumu zaidi, na inayotenganisha asasi inayochangiwa mara moja na inayochangiwa miaka kumi, huja baada ya kupokea. Kwenye vikao huitwa mrejesho.

Shirika la charity: water la New York, linalofadhili visima, lilijenga jina kwa jambo hilo. Huweka picha na mahali hasa kilipo kila kisima kwenye ramani, na huwaomba watu waitoe siku yao ya kuzaliwa: badala ya zawadi, marafiki wachangie maji. Mwaka 2011 msichana wa jimbo la Washington aliyekuwa akitimiza miaka 9 alifanya hivyo. Aliomba dola 300, akapata 220. Wiki chache baadaye alifariki katika ajali ya gari. Ukurasa wake ukafunguliwa upya, na watu wasiomjua wakaanza kutuma, wengi dola tisa tisa, hadi zikapita dola milioni 1.2. Mwaka uliofuata mama yake alipelekwa Ethiopia akaviona visima, na waliochangia wakaonyeshwa safari ile. Habari ingeweza kuishia kwenye machozi. Iliishia kwenye maji, na waliotoa waliyaona.

Jirani zaidi, Nairobi, Sheldrick Wildlife Trust hufanya mrejesho wa utulivu, usio na msiba wala ndoo. Shirika hili, lililoanzishwa 1977, hulea ndama wa tembo walioachwa yatima. Mtu popote duniani anaweza kuwa mlezi wa ndama mmoja, na kwa miaka mingi kiwango cha chini kilikuwa dola 50 kwa mwaka. Anachopata ni habari. Watunzaji wanaolala na ndama hao mazizini huandika shajara: leo fulani kagoma maziwa, fulani kamsukuma mwenzake kwenye tope. Kila mwezi habari hizo huwafikia wafadhili. Hakuna anayeambiwa "okoa maisha". Anaambiwa alichofanya tembo wake Jumanne. Wafanyakazi wengi wa asasi hudhani habari zao ni ndogo mno kwa kuposti. Hapa habari ndogo ndizo zinazoendesha shirika.

Na mrejesho wa hesabu una nguvu ya pekee pale ambapo imani ni haba. Baada ya maandamano ya vijana wa Kenya ya Juni 2024, mwanaharakati Hanifa Adan aliongoza changizo kupitia M-Changa kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa, likafikia takriban shilingi milioni 30. Maswali yalikuja haraka, kama yanavyokuja kwenye pesa yoyote ya umma. Alijibu kwa kuweka mchanganuo wa matumizi hadharani, kwenye mtandao uleule alikoombea. Kuna asasi zenye wakaguzi wa hesabu, bodi na ripoti ya mwaka ya kurasa sitini ambazo hazijawahi kumwambia mtu aliyetuma elfu mbili kwamba elfu mbili yake imefika.

Si kila mawasiliano yanatafuta pesa, bila shaka. Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010 kama kitabu cha katuni cha bure, ilitaka vijana waongee kuhusu kilimo, uzazi na biashara. Ikaunda mhusika, DJ Boyie, kijana anayerusha redio kutoka chumbani kwake, anayezungumza Sheng, lugha ya mitaani ya vijana. Katuni, redio, ujumbe wa simu na Facebook vyote vilikuwa sauti yake. Vijana walimwandikia wakapata majibu, na katika 2012 na 2014 kazi hiyo ikatuzwa Emmy ya kimataifa. Siri yake haina uchawi: lugha wanayoiongea, na mtu wa kujibu. Ukurasa wa asasi wenye maswali ya wananchi yaliyokaa wiki tatu bila jibu ni sawa na ofisi yenye taa inayowaka na mlango uliofungwa.

Pamoja na hayo, Facebook, Instagram, X na TikTok ni viwanja vya watu. Mwenye kiwanja hubadilisha masharti bila kikao. Posti ya ukurasa leo hufikia sehemu ndogo tu ya wafuasi kama haijalipiwa tangazo. Serikali nayo ina ufunguo wake. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kuingia kwenye mitandao ya kijamii, kodi iliyofutwa 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini humo, na miaka ikapita bila kufunguliwa. Tanzania ilifungia X Mei 2025. Asasi iliyokuwa imeweka wafuasi wake wote mahali pamoja iliamka haina wa kuongea naye.

Ndiyo maana daftari la namba za simu, lililokusanywa kwa ridhaa ya wenye namba, lina thamani kuliko wafuasi elfu hamsini. WhatsApp yenyewe ina mipaka: kundi lilikuwa mwisho watu 256 hadi 2022 lilipopanuliwa kufika 1,024, na tangu 2019 ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo. Kwa asasi ndogo yenye mfanyakazi mmoja na simu moja, mipaka hiyo haina madhara. Haihitaji kufika kwa umma wote. Inahitaji watu ishirini wanaoiamini, kila mmoja akiwaendea ishirini wake kwa jina, na mtu wa kupandisha orodha kila jioni.

Harusi ikishapita, kamati hukutana mara moja ya mwisho. Huitwa kuvunja kamati. Mweka hazina husimama na karatasi, akasoma zilizoingia, akasoma zilizotoka, ukumbi, chakula, muziki, gari la maharusi, na kilichobaki. Kilichobaki mara nyingi ndicho kinacholiwa siku hiyo, nyama choma na soda, maharusi wakizunguka meza kushukuru mmoja mmoja. Wiki mbili baadaye kuna ujumbe mpya kwenye simu zilezile: mtoto wa jirani naye anaoa, kundi limefunguliwa, na namba 1 kwenye orodha ni mweka hazina wa jana.